Filamu Tuliyoitazama Idi

"Sasa yule nani atampa chakula?"

Bibi aliniuliza mimi kwa kuwa ndimi niliyekaa karibu naye. Leo mimi ni mtafiti, na kila nikifungua mlango wa maabara tunakofugia wanyama, na harufu ya majani makavu ikanipokea, suali lile hunirudia.

Ilikuwa siku ya tatu ya Idi, nyumbani kwetu mtaa wa Khuwair. Nyumba nzima inanukia shuwa, nyama iliyookwa shimoni, na sisi watoto tumejazana mbele ya televisheni tukitazama filamu ya kutisha. Mwanasayansi alitengeneza kiumbe, kikamshinda, akakifungia maabara na kukimbia. Tukashangilia; hapo ndipo Bibi aliponiuliza.

"Bibi, lile ni dude!" binamu yangu alicheka. "Linakula watu!"

"Dude kalitengeneza nani? Kalitaka mwenyewe, halafu kaliacha na njaa. Mtu mzima huyo!"

Baba, ambaye kazi yake ilikuwa utafiti wa dawa, aliacha kucheka. Akainuka, akachukua funguo za gari.

"Wenda wapi, mwanangu? Filamu haijesha."

"Narudi, mama."

"Baba kaogopa!" tukapiga kelele.

Alirudi alasiri, akanawa mikono kwa muda mrefu, na ile nyama hakuigusa. Tukazidi kumtania.

Nimeshakuwa mkubwa ndipo mama aliponambia. Jaribio lao lilikwisha kabla ya sikukuu, na kila mmoja kazini alidhani mwenzake atawalisha sungura wa maabara. Baba alipofungua mlango, alimkuta mmoja tu yu hai.