Neno la Kumwitia Mama

"Siyo neno tu, Bibi," nilimwambia leo jioni tukipepeta mchele uani. "Tamanda anamwita mama yangu 'amayi anga.' Hiyo 'anga' ni 'yangu'! Tena huko kwao mama mmoja wanamsema kama wengi, eti heshima. Sisi kwa Kinyakyusa mama tunamwita 'juba,' basi. Na Kiswahili kina 'mama mdogo.' Si achukue hilo?"

Nilikuwa na hasira kweli. Tangu Tamanda aje kutoka Karonga, Malawi, baada ya mama yake, yaani mama yangu mkubwa, kufariki, mama anampakulia yeye kwanza. Juzi kamsuka nywele, mimi nimekaa na chanuo langu nangoja. Ndiyo maana Jumapili nilimwambia Tamanda uso kwa uso, "Huyo ni mama yangu. Tafuta wako."

Bibi ndiye aliyewazaa wote wawili, mama na marehemu. Hakunigombeza. Aliweka ungo chini.

"Mwanangu, mimi nililelewa kijiji cha Ikombe kwa dada wa mama yangu. Nilipofika, binti yake wa kumzaa akaniambia hayo hayo uliyomwambia mwenzako. Unamjua. Ni Bibi Tusekile."

"Huyu huyu anayetuletea samaki?"

"Huyu huyu. Alikuwa na mdomo kama wewe! Basi nikaacha kusema mama. Na mtu mzima humwiti jina lake, unajua. Nikawa nangoja mpaka mama huyo anitazame, ndipo niseme shida yangu. Siku moja tukaenda wote watatu kuchimba udongo wa vyungu. Ukingo ukaporomoka, ukanifukia mpaka kifuani. Mama huyo yupo pale karibu, kanipa mgongo, anachagua mawe kwenye udongo wake. Nikafungua mdomo, mwanangu, nikakosa nimwiteje. Nikanyamaza, na udongo unanibana."

"Ukafanyaje?"

"Tusekile akageuka, akaniona. Akapiga kelele, 'Mama!' Wakanifukua kwa mikono. Mama akauliza kwa nini sikuita. Nikamjibu, sina la kukuitia. Alimwangalia Tusekile, hakumpiga. Alisema tu, 'Angekufa hapa, na mimi nipo.'"

Nikabisha bado. "Lakini Bibi, mama si wangu?"

"Tusekile alipungukiwa nini? Mama yule tulimuuguza pamoja mpaka mwisho, yeye kashika kichwa, mimi miguu." Akachukua ungo tena, akapepeta kidogo, akaacha. "Sikuambii usione wivu. Wivu unakuja wenyewe, hata mimi nawaonea wanaokula mahindi kwa meno yao. Nakuambia usimfunge mtu mdomo kwa sababu ya wivu wako. Yule ni mtoto wa mwanangu niliyemzika. Mwache aite. Na Mungu akujalie watoto wengi wa kukuita, wako na wa wenzio, wasikukose ukiwa karibu."

Nikainama kwenye mchele. Kwa sababu ni kweli, tangu Jumapili Tamanda hamwiti mama chochote. Jana maharage yakiungua alisimama mlangoni anakohoakohoa mpaka mama akageuka. Mimi nilicheka.

Wivu haujaisha, nisidanganye. Akisukwa tena kabla yangu nitanuna. Lakini kesho asubuhi chai ikiwa tayari, sitaenda mimi kumwamsha mama. Nitamshika Tamanda mkono, nimsimamishe mlangoni kwa mama, nimwambie, "Mwite. Kwa sauti, kama ulivyokuwa unamwita." Na mama akiitika, mimi nitanyamaza.