Faili Iliyozaliwa Kabla ya Mama Yake

Kiingereza changu nilikipata ngumbaru, ile shule ya jioni ya watu wazima, nikiwa na ndevu tayari na watoto wa kunicheka nyumbani. Pale Kasikeu tulikuwa tunasomea magazeti ya zamani, yale ya kufungia nyama. Ndiyo maana neno *fatal* nililijua vizuri sana. Kila mara lilikuja na picha ya lori limelala mtaroni na watu wameshika vichwa. *Fatal* ni ya kuua. Sijawahi kuona *fatal* ya kucheka.

Basi nifikirie nimekaa kwa mama mdogo, huko Kikima, mchana, ukungu wa milima ya Mbooni umebisha hodi na kuingia bila kukaribishwa. Nimebonyeza kitufe, kompyuta imefikiri kidogo, halafu ikaniandikia kwa rangi nyekundu: *fatal error*. Niliruka hadi nikagusa mabati. Wanaosema nyumba ile ina dari, na kwamba niliinuka tu kidogo kwenye kiti, hawakuwepo.

Mama mdogo alikuwepo. Alikuwa kwenye cherehani yake, na aliponiona nimesimama akaacha kukanyaga. Alivuta kile kipande cha kitambaa cheusi alichokuwa nacho siku zote tangu atoke hospitali, akaandika kwa chaki yake ya kukatia nguo: *Imekufa?*

Nikamwambia, "Haijafa, mama. Inatisha tu."

Alikung'uta kitambaa, chaki ikapepea. Hivyo ndivyo alivyokuwa anaongea sasa. Madaktari walikuwa wamemtoa ugonjwa kooni na sauti ikatoka pamoja nao. Na alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya, huyo mama. Akiimba Kikima, mbuzi wa Nuu walikuwa wanainua vichwa, na ukiangalia ramani utaona Nuu iko mbali kiasi gani, huko Mwingi, kwenye jua.

Nuu naitaja kwa sababu ndiko wageni walikokuwa wanatoka. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amepata mtu huko, na watu wa huyo kijana walikuwa wanaleta mbuzi wa ntheo. Bila mbuzi hao Mkamba hajaoa, hata akiwa na pete kwenye vidole vyote. Siku hiyo wazazi wa msichana wanamuuliza binti mbele ya watu kama mbuzi waliwe. Baba yake alishafariki. Kwa hivyo wa kuuliza alikuwa mama, na mama hakuwa na sauti.

Mjomba wangu, kaka yake mkubwa, alikuwa ameshajipangia. "Nitamsemea," alisema. "Mimi nina mdomo wa watu wawili." Mama mdogo aliandika kitu kwenye kitambaa, akamwekea usoni karibu aguse pua yake: *Sitaki kusemewa.*

Hapo ndipo nilipojiingiza, na huu mdomo wangu. Mimi hutengeneza kompyuta na kuchapishia watu barua pale Kasikeu. Nikasema, "Mama, hiyo ni kazi ndogo. Kompyuta inaweza kuongea. Nitakupa sauti, nikupe na kwaya ya kuitikia." Mama mdogo akafuta *Sitaki kusemewa*, akaandika *Sawa*. Hilo *Sawa* ndilo lililoninyima usingizi. Mtu akikuamini ukiwa unatania, utani unaisha.

Kompyuta niliyokuwa nayo ni kuukuu, betri yake haishiki moto, inaishi kwa waya wa stima kama mgonjwa kwa dripu. Ndani ilikuwa na Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na Linux ilikuja na programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Nilipomletea mama mdogo, aliandika neno la kwanza bila kufikiri: *mwaitũ*. Ni mama yangu, kwa Kikamba, na ndivyo anavyomwita binti yake, kwa sababu binti amepewa jina la nyanya yake. Kwetu mtoto akibeba jina la mkubwa, anabeba na heshima yake. Mimi mwenyewe kifungua mimba wangu namwita nau, baba, na nikimchapa watu wanauliza kwa nini nampiga baba yangu.

Kompyuta ikasema "mwait", ikapumua, halafu ikataja ile ũ ya mwisho kwa Kiingereza, herufi na kofia yake, kama mwalimu anafundisha chekechea.

Mama mdogo alifunga mashine kwa kiganja, polepole. Alikuwa ameona jinsi itakavyokuwa: wageni wamejaa, binti amesimama, na yeye anamwita mwanawe kwa sauti ya mdoli inayokwama kwenye herufi.

Nikatafuta. Nikapata kwamba toleo jipya la ile programu linaweza kufundishwa herufi zetu, lakini halikuwa tayari. Programu nyingi huja kama unga wa pakiti, unafungua unapika. Hii ilikuja kama mahindi ya gunia, na mtu anayetaka muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, atwange mwenyewe. Kutwanga huko ndiko wanakoita kukompaili. Unaipa kompyuta maandishi ya waliotunga, inakagua kama ina vifaa vyote, kisha inatwanga. Ikikosa kitu kimoja tu, inakutukana na kuacha.

Ile *fatal* ya kwanza, nilipotulia, ilikuwa inasema imekosa faili moja ya msaada. Nilinunua bando, nikapakua. Ikakosa nyingine. Nikapakua. Ikakosa nyingine tena, ya kuisaidia ile ya kusaidia. Nilianza kuogopa kwamba nitapakua intaneti yote, na watu wa Ulaya waamke wakute hakuna kitu. Mjomba alikuwa anapita pale na fimbo yake.

"Wewe wa ngumbaru," ananiita, "hiyo redio yako bado?"

"Si redio, mjomba."

"Haisemi. Basi si redio, ni sanduku." Anageuka kwa dada yake. "Nijiandae kusema?"

Mama mdogo anakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi unakatika.

Mwishowe mashine ilianza kutwanga kweli. Mistari ikawa inapanda kwenye kioo kama siafu, feni inalia kama posho mill. Nilisimama nimekunja mikono, naogopa hata kupiga chafya. Mama mdogo akaja akasimama nyuma yangu. Nikamwambia, "Iko karibu." Na hapo stima ikapotea.

Kikima nzima ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake niliona nyuso mbili, yangu na yake, na sijui ipi ilikuwa na hofu zaidi.

Stima ilirudi asubuhi ya ile siku yenyewe. Wageni walikuwa wameshapiga simu kwamba wamepakia mbuzi. Bando langu lilikuwa limeisha, lakini nilikuwa na kila kitu, nilijiambia. Nikawasha, nikaanza ukaguzi upya. Na mashine ikakataa. Safari hii haikusema *fatal*. Ilisema kitu ambacho sijawahi kuona, nikakitafsiri neno kwa neno kwa midomo: faili iliyoundwa sasa hivi ni kubwa kiumri kuliko faili zilizokuja. Halafu mwisho ikaongeza: angalia saa yako.

Angalia saa yako! Damu ilinishuka mpaka kwenye viatu. Niliona mashine inanicheka, inaniambia muda umeisha, ndugu, mbuzi wako njiani. Niliangalia ukutani, niliangalia mkononi, na kweli muda ulikuwa unaisha. Nikajaribu tena. *Angalia saa yako.* Nikajaribu tena. Ilikuwa kama mtu wa kudai amesimama mlangoni anasema neno moja tu. Nilianza kufikiria jinsi ya kumwambia mama mdogo. Nilifikiria hata kutoroka kwa dirisha, lakini dirisha lile lina vyuma, na mimi ngumbaru ilinipa akili na tumbo pia.

Alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa tayari, nguo aliyojishonea, ya rangi ya maji ya bahari ambayo hajawahi kuiona. Aliandika: *Inasema nini?*

Nikamwambia. Sikutaka aone naogopa, kwa hivyo nikacheka kidogo. "Mama, si kitu. Inasema mtoto amezaliwa sasa hivi na ni mkubwa kuliko wazazi. Mambo ya kawaida. Hata mimi nina baba mwenye miaka saba nyumbani."

Kwa kweli ndivyo nilivyokuwa nimeichukua. Mzungu angeshtuka hapo. Mimi nililipita hilo kama salamu, kwa sababu kwetu watoto wenye umri wa babu wamejaa, nikashikwa na lile la saa.

Mama mdogo hakucheka. Aliinama juu ya kitambaa, akaandika kwa muda mrefu, chaki inakwaruza.

*Mtoto huitwa baba kwa jina. Hazaliwi kabla. Hiyo mashine inadanganywa na nani?*

Nilisoma mara moja, nikasoma tena. Faili niliyounda sasa hivi. Kubwa kuliko zilizokuja. Labda mtoto hakuwa mzee. Labda ni *sasa* ya mashine iliyokuwa ya zamani.

Nikaangalia pembeni ya kioo, kule kwa saa ambako hakuna mtu huangalia. Ilikuwa inasema ni Mwaka Mpya. Si wa mwaka huu. Ndani ya kompyuta kuna kibetri kidogo kama kifungo cha shati, kazi yake kukumbuka tarehe stima ikipotea, na hicho kibetri kilikuwa kimekufa. Siku zingine intaneti ilikuwa inaikumbusha, lakini bando liliisha. Ilipozimika ilisahau kila kitu, na ilipoamka ilijikuta miaka mingi nyuma, ikapewa faili za watu ambao kwake hawajazaliwa. Haikuwa inanitisha, masikini. Ilikuwa inaomba irekebishiwe saa.

Nilimwonyesha mama mdogo kwa kidole. "Hapo. Inafikiri ni mwaka ule."

Alisogeza uso karibu. Aliangalia ule mwaka mpaka nikaona anahesabu moyoni. Mimi pia nilikumbuka. Ni mwaka ambao kwaya yao ilishinda, wakarudi wamesimama nyuma ya pickup wanaimba kutoka kule barabara ya lami mpaka sokoni, na yeye mbele ameshika kikombe.

Aliandika maneno machache.

*Huko bado naongea.*

Nilikuwa nimeshaweka vidole juu ya vitufe, lakini havikushuka. Naapa nimefungua kompyuta zenye nyoka ndani, na nyoka mmoja tulisalimiana kwa jina, lakini sijawahi kuogopa kitufe kama kile. Nilihisi kwamba nikibonyeza ni mimi ninayemtoa huko.

Yeye ndiye aliyenigonga bega. Mara moja, kwa kidole, kama anavyogonga mtu anayesinzia kanisani. Nikaandika tarehe ya leo. Saa ikaruka. Nikaanza ukaguzi, na ukapita. Nikaanza kutwanga, na sikumwangalia mtu, niliangalia balbu tu, na kila ikipepesa nilikuwa nakufa na kufufuka. Huko nje nikasikia mbuzi.

Programu ilimaliza wageni wakiwa wanakunywa chai. Nikaifundisha ile ũ. Sikupata nafasi ya kuijaribu kwa sauti. Nilibeba mashine chini ya koti mpaka kwenye hema, nikaunganisha na spika ya kwaya, nikachomeka waya kwenye soketi iliyolegea kuliko meno ya mzee.

Watu walikaa. Binti akaletwa akasimama. Mjomba akainuka, akasafisha koo, na mama mdogo akapiga meza kwa kiganja. Paa! Mjomba akakaa kama amesukumwa.

Mama mdogo alianza kuandika kwenye kompyuta, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Alibonyeza. Hakuna kitu. Spika ilikoroma kidogo, ikanyamaza. Mzee mmoja wa Nuu akainamia mwenzake akauliza, "Anaandika barua?" Nilimwona mama mdogo ameshika ukingo wa nguo yake, ameukunja wote mkononi, na macho yake yananitafuta mimi, na mimi sikuwa na pa kuyaweka yangu.

Halafu ikasema. Sauti yenyewe ilikuwa mbaya, siwezi kudanganya hapo, ilikuwa kama dume lenye mafua ndani ya pipa. Lakini ilisema neno zima, kutoka mwanzo hadi mwisho wake.

"Mwaitũ. Tule hawa mbuzi?"

Binti aliweka mikono usoni. Alilia, akacheka, akalia tena, na wanawake wa Nuu walikuwa wameshaanza kujiandaa kwa vigelegele na hawajui kama wapige.

"Kuleni, mwaitũ," akasema.

Vigelegele vikapasua hema. Mjomba alinitafuta kwa macho kila mahali, nadhani alitaka kusema kitu kuhusu redio, lakini hakuniona. Nilikuwa chini ya meza, nimelala kifudifudi katikati ya viatu vya wageni, nimeishika ile plagi kwa mikono miwili isitoke, kwa sababu nilisikia juu yangu kidole kimeanza kuandika tena.