Kuwatengenezea Ndege Meza, Kutoka Luofu Hadi Rughenda

Asubuhi yangu ya kwanza ya ualimu, huko Luofu, Bwana Direkteri, mkuu wa shule, alinipokea mlangoni mwa darasa la nne akiwa ameshika furushi la manati. Alikuwa amewanyang'anya wavulana walipokuwa wakipanga mistari.

"Madame," aliniambia, "hawa batoto banajua ndege yote ya hapa. Lakini banaijua ikisha kufa."

Akaliacha furushi juu ya meza yangu, akaenda zake.

Niliwauliza watoto ndege wanakula nini. Wakajibu kwa sauti moja: "Bulo!" Bulo ni ule ulezi mwekundu wa mashamba yetu, na ugomvi wao na ndege ulianzia hapo, maana wao ndio waliotumwa kulinda shamba wakati wa mavuno. Nikawaambia kwamba siku hiyo tutawaita ndege badala ya kuwafukuza. Tukatia bulo kidogo kwenye ungo, tukauweka katikati ya uwanja, tukakaa kungojea. Wakaja kuku wa Bwana Direkteri, wakala lote wakamaliza.

Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo, na mimi nikacheka nao. Ndipo msichana mmoja, Kavira, akasema: "Madame, tuiweke juu. Kuku hapana kuruka sana."

Tukauweka juu. Tangu siku ile, kila darasa nililofundisha lilitengeneza vilishio, yaani meza za kulishia ndege, na kila mara nilianza na swali lile lile: unataka nani aje, na nani asije? Mtoto akijibu hilo, mikono yake inajua la kufanya.

Kutoka Luofu nilihamishiwa Butembo, katika sehemu ya mji iitwayo komini ya Mususa, ambako kila njia ina karakana. Watoto wa maseremala walileta vipande vya mbao, wa mafundi wa pikipiki walileta waya. Direkteri wa pale alikuwa mtu wa utaratibu, tai shingoni hata Jumamosi. Alikuta chupa zinaning'inia mbele ya darasa, akaniita bureau, ofisini kwake.

"Madame, hapa tuko mu mji. Bazazi banataka calcul na Kifaransa. Hii ndege iko mu programme gani?"

"Iko mu calcul, mu hesabu, Bwana Direkteri. Kuya uone."

Alikuja. Akakuta watoto wameinamia rula. Chupa ya plastiki hutobolewa tundu dogo, mdomo wa kindege upite lakini mbegu zisimwagike. Chini ya tundu unapitisha kijiti cha kukalia. Kikiwa kirefu, njiwa atatua na kuwafukuza wadogo. Kikiwa kifupi kama kidole cha mtoto, njiwa hapati pa kukaa. Njiwa tulimpa meza yake pana, yenye kuta fupi na matundu ya kutolea maji ya mvua. Shore, yule mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, hataki mbegu. Tulimchomekea kipande cha papai juu ya msumari. Chozi, anayenyonya maua, alitundikiwa ua la mgomba. Na kwenye kila waya tulipaka grisi, siafu wasipande.

Direkteri alimwuliza mtoto mmoja: "Na paka?"

"Paka hapana kuruka metre mbili, Bwana Direkteri. Tulipima mbali na ukuta."

Akalegeza tai. Juma lililofuata alileta papai kutoka kwake.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Beni, na huko mambo yalikuwa mazito. Nusu ya darasa walikuwa watoto waliokimbia vijiji vyao kwa kuwahofia watu wenye silaha. Siku ya kwanza tulipojaza bulo kwenye chupa, mama mmoja alisimama dirishani akiwa na mtoto mgongoni.

"Madame, mutoto wangu anakula mara moja kwa siku. We unapatia ndege bulo?"

Nilimwaga bulo lile kwenye sahani nikampa. Kuanzia hapo tulikuwa na sheria: chakula cha mtu hakiendi kwa ndege. Watoto waliokota mbegu za majani ya porini, maganda ya ndizi, mapapai yaliyooza upande. Ndege hawakulalamika.

Vilishio vilipokuwa tayari, niliwapanga watoto chini ya dari ya veranda nikawaambia, kama nilivyozoea kusema kote: "Sasa tunyamaze kabisa."

Walinyamaza kuliko darasa lolote nililowahi kufundisha. Hakuna aliyekohoa. Kisha nikaona Muhindo, kijana wa miaka tisa hivi, ametambaa chini ya benchi na kuziba mdomo wa mdogo wake kwa kiganja.

Nilipiga magoti karibu naye. "Muhindo, kuna nini?"

Akaninong'oneza: "Banakuya, Madame?"

Hapo nikaelewa ni akina nani aliodhani wanakuja. Watoto hawa walifundishwa kunyamaza porini, usiku wa kujificha. Nikasimama, nikaanza kuimba wimbo wa kuhesabu wa darasa la kwanza, kwa sauti kubwa. Wakanitazama. Kisha mmoja akaitikia, kisha wote, na Muhindo akatoka chini ya benchi akiwa amemshika mdogo wake mkono.

Direkteri wa Beni, mama mpole, alikuja akikimbia. "Madame, na hii makelele ndege itakuya?"

"Itazoea," nilisema.

Siku tatu ndege hawakuja. Ya nne, katikati ya wimbo, shore alitua kwenye papai. Watoto waliendelea kuimba, macho yamewatoka, na shore aliendelea kula. Muhindo ndiye aliyeimba kwa nguvu kuliko wote.

Sasa nimestaafu, ninakaa Rughenda, huku Butembo, jirani na uwanja wa ndege za abiria. Watoto wa mtaa walipokuja kuniomba tutengeneze vilishio, nilikataa kuvitundika nyumbani: ndege wenye manyoya hawapaswi kuitwa mahali ndege za chuma zinapotua. Tukateremka hadi bondeni, mbali kabisa, tukamwomba nafasi mama anayelima kabichi.

"Bindege bya kukula mbegu, hapana," alisema. "Nileteeni ya kukula bidudu. Bidudu binamaliza choux yangu."

Miaka yote ile sikuwahi kuombwa hivyo. Tulikaa chini, mimi na watoto, tukafikiri. Mwisho tukasimika nguzo nyembamba katikati ya matuta, juu yake kijiti cha kukingama, basi. Hakuna sahani, hakuna mbegu. Meza isiyo na chakula, kwa sababu chakula kilikuwa tayari chini yake.

Kesho yake asubuhi ndege mweusi, kifua cheupe, mkia mrefu, alitua pale juu. Akainamisha kichwa. Akashuka kama jiwe kati ya kabichi, akapanda tena na kiwavi mdomoni. Watoto wakapiga kelele, naye hakujali.

Yule mama aliegemea jembe lake akamtazama kwa muda mrefu. "Wasingya, Madame," akanishukuru kwa Kinande. "Mutaniwekea nguzo zingine lini?"

Nikawatuma watoto wakakate miti, nami nikapanda kilima kwenda kuchukua nyundo.