Mbwa wa jirani alianguka kwa joto, mtaa mzima ukasema nimempa sumu

Wakuu, amahoro kwenu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimeona nivunje ukimya. Hiki kimenitokea mimi mwenyewe hapa Rumonge, na mashahidi ni mtaa mzima, kwa hiyo hata ningetaka kuongeza chumvi wangeniumbua.

Kwanza mnijue. Nauza mafuta ya mawese. Nayatoa Kigwena na Gatete, nayaweka store nyuma ya nyumba, wateja wanakuja na bidon zao, yaani madumu. Ni Muislamu, mke wangu anafuga paka, na mbwa nilikuwa sijawahi hata kumgusa.

Jirani yangu anaitwa Mama Riziki, Mkongomani wa Baraka, muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mchapakazi, mdomo anao, lakini kwake kukiiva chakula watoto wangu wanakula. Kati yake na mimi ni uzio wa mabati tu. Na mbwa wake, Bobi.

Huyu Bobi alikuwa na tabia moja. Adhana ya alfajiri ikianza, naye anaanza. Anavuta sauti, wuuuuu, mpaka muadhini amalize. Mnaokaa karibu na msikiti mnanielewa.

Nililalamika. Mwanzoni kistaarabu, baadaye ustaarabu ukaniishia. Siku moja nikasimama getini kwake, watu wanapita, nikamwambia, "Iko siku huyu mbwa atanyamaza."

Nilimaanisha nitamshtaki kwa shefu, mkuu wa mtaa, wallahi. Lakini maneno huumba, na waliopita walisikia walichosikia.

Haikupita wiki.

Ilikuwa Septemba, lile joto la kungoja mvua. Wa Uvira na Kigoma mnalijua. Ziwa liko pale pale mnaliona, lakini hata kiupepo halitoi.

Mchana nipo store, nikasikia watu wanakimbilia kwa Mama Riziki. Mwenyewe karudi kutoka mwaloni kamkuta Bobi kalala ubavu, ulimi nje, povu mdomoni, miguu inatetemeka. Muda si muda ua ukajaa. Na neno la kwanza kutoka lilikuwa sumu.

Huku kwetu, wakuu, mnyama akianguka na povu hakuna anayeuliza mara mbili. Kalishwa. Na dawa yake kila mtu anaijua: mafuta ya mawese, mnamshika taya mnammiminia.

Mwenye mafuta ni nani? Mimi. Aliyesema mbwa atanyamaza ni nani? Mimi huyo huyo.

Nilipoingia wote wakanigeukia. Mama Riziki hakupaza sauti, na hapo ndipo palipouma.

"Baba Hamisi, weye njo ulisema itanyamaza. Ona, imenyamaza. Sasa leta mafuta."

Mbwa huyu akifa, mimi ni mtia sumu mpaka naingia kaburini. Na nani atanunua mafuta ya kula kwa mtu mwenye jina hilo? Nadhani pale uani hakuna aliyemwombea Bobi kuliko mimi, pengine hata mwenye mbwa.

Nikaenda kuchukua bidon. Siwafichi, nilikuwa nampa kweli. Ila njiani nikaona nimpigie daktari wa mifugo anayenichanjia mbuzi, nimuulize mbwa anapewa mafuta kiasi gani. Nikaweka sauti ya juu kila mtu asikie, maana hapo hata simu ya siri ningeambiwa naongea na mwenzangu wa sumu.

Daktari akauliza mbwa alikuwa wapi. Nikamwambia kafungwa mnyororo kando ya mabati. Akasema mguseni. Nani amguse? Wote macho kwangu. Haya, nikamgusa. Alikuwa anaunguza. Akasema tazama ufizi. Nikafunua mdomo wa mbwa kwa vidole vyangu hivi, ufizi ulikuwa mwekundu sana na mate mazito yananata.

"Musimupe mafuta," akasema. "Hawezi kumeza, itaingia mu mapafu, mutamuua nyinyi wenyewe. Hiyo iko joto. Mumutoe mu jua, mumumwagie maji sasa hivi."

Nikaweka bidon chini. Nyuma yangu mtu akasema si mnaona, ananyima dawa. Jamaa mwingine akanyoosha mkono aichukue.

Wakuu, nikaikalia. Mtu mzima, mbele za watu, nikaikalia bidon.

Nikamwambia Mama Riziki anikabidhi mbwa, na akifa yeye awe wa kwanza kutangaza mafuta yangu yasinunuliwe. Akasema, "Mumubebe."

Tumpeleke wapi sasa? Hapo ndipo nilipoelewa yote.

Asubuhi Mama Riziki anapoondoka, yale mabati yanatupa kivuli upande wake, ndipo anapomfunga Bobi. Jua likishavuka, kivuli kinahamia upande wangu. Mbwa anabaki kati ya jua na bati linalochemka, na mnyororo haumruhusu kukifuata. Maji ya kunywa yalikuwepo kwenye sufuria, lakini ya moto kama ya kumkanda mzazi. Hakuna aliyemlisha chochote.

Tukambeba kwenye gunia mpaka store kwangu, tukamlaza kwenye sementi. Mke wangu alinitazama na mbwa mikononi, akaenda kuchota maji.

Tulifuata simu. Maji ya kawaida kwenye tumbo, makwapani, nyayo, masikio, tena na tena. Mmoja alileta barafu ya samaki amzike nayo, daktari akakataa, na akakataza tusimfunike taulo bichi na kuliacha juu yake, maana linahifadhi joto. Mwageni, pepeeni. Wala tusimlazimishe kunywa.

Mama Riziki akapepea kwa ungo wake wa kuanikia ndagala. Kila akipepea, harufu ya ndagala store nzima.

Kiungo cha kwanza kurudi uhai ilikuwa pua. Ikacheza. Kisha jicho likamtafuta mwenye ungo. Mama Riziki akakaa chini kwenye maji akalia, na mimi nikajifanya natafuta ndoo.

Daktari akafika kwa pikipiki, akapima, akamtundikia dripu. Akasema joto limeshuka ila asihamishwe, kuna wanaozidiwa baadaye, tumwangalie mpaka asubuhi. Watu wakatawanyika. Hakuna aliyeniomba radhi, walikuwa wanasubiri asubuhi kama mimi.

Nikanawa mikono kama tulivyofundishwa madrasa, mara saba, moja kwa mchanga. Kisha nikarudi kumtazama, nikamgusa tena, nikanawa upya.

Alfajiri nilikuwa nje na birika la udhu. Muadhini akaanza. Kimya. Akaendelea. Kimya bado. Nikaweka birika chini.

Ndipo kutoka store ikatoka, kwa sauti ya mgonjwa, wuuuuu.

Alhamdulillah. Nilisema kwa nguvu mpaka mke wangu akatoka kuona kuna nini. Na upande wa pili wa mabati nikasikia, "Baba Hamisi, unamusikia?"

Nikamwambia namsikia vizuri sana.

Nilichojifunza: kivuli cha asubuhi si kivuli cha mchana. Kabla hujamfunga mnyama, jiulize saa nane jua litakuwa wapi, na maji yake yatakuwa wapi. Ukimkuta anahema vibaya na mate mazito yanamtoka, maji na upepo kwanza, huku unampigia daktari. Mafuta ya mawese pikieni maharage, nawaambia mimi ninayeyauza.

Mnyororo Mama Riziki ameutoa. Na tumekata kipande cha bati chini ya uzio, upana wa mbwa. Asubuhi Bobi yuko kwake, jua likivuka anapita tunduni anakuja kulala kwenye sementi yangu. Wateja wanamruka wanaingia kununua. Yule jamaa wa kunyoosha mkono naye alikuja juzi na bidon yake, akamsalimia mbwa kwanza.

Alfajiri bado anapiga kelele. Sijalalamika tena.

Wenye mbwa, paka, sungura, nyie mchana wa joto mnawaweka wapi? Na kuna mwenzangu humu aliyewahi kusingiziwa sumu? Tiririkeni, nawasoma huku nimekaa na mgeni wangu.