Mkate Niliosema Naujua

Ilianza Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana, simu ya Senje ilipoingia. Senje ni dada ya baba. Aliolewa Norwe, na siku hiyo alikuwa anamleta mama mkwe wake kwetu Lurambi kwa mara ya kwanza.

"Tumefika Lubao," alisema. "Mgeni anauliza kama lefse ziko tayari. Nimekusifu njia nzima!"

Nikajibu ziko karibu. Hazikuwa karibu. Hazikuwa popote.

Wacha niandike ukweli, kwa sababu hapa hakuna anayeniangalia usoni. Lefse ni mkate wao wa viazi, mwembamba kama chapati iliyopauka. Mwezi uliopita Senje alinitumia maelezo ya kuipika, halafu akauliza kama nimejaribu. Nikamwandikia, "Nimepika mara mbili, imetoka poa sana." Mbele ya watu mdomo wangu ni mzito, lakini kwenye simu vidole vyangu havina haya. Nilidhani yameishia hapo. Sikujua kwamba kuna mama mzee atakayepanda ndege akingoja kuonja.

Viazi vilikuwa vimeiva. Nikaviponda, nikatia siagi na chumvi. Maelezo yalikuwa na mstari kuhusu kuviacha vipoe, nikauruka. Kwetu nani anapoza chakula ambacho bado anakipika? Sufuria ikiwa motoni nikamimina unga wa ngano, nikashika mwiko, nikasonga kama ninavyosonga obusuma, ugali wetu, kwa nguvu, nikibana na kugeuza. Kadiri nilivyosonga ndivyo kile kitu kilivyovutika. Nikaongeza unga. Kikavutika zaidi. Nilipojaribu kukisukuma kikashika meza, kikashika kifimbo cha chapati, kikanishika mpaka kwenye kiwiko.

Kukhu, nyanya yangu, alikuwa mlangoni akinyonyoa kuku wa wageni.

"Mjukuu wangu, hiyo tunakula ama tunakandika nayo nyumba?"

"Kukhu, tafadhali."

"Nauliza tu. Ukuta wa huko nyuma uko na shimo."

Gari likaingia. Nilisalimia nikitazama chini, nikarudi jikoni mbio. Angalau huko mgeni hatanifuata, nikafikiri. Kwetu watu ambao watoto wao wameoana huheshimiana wakiwa sebuleni. Jikoni kwa mwenzako huingii, hata kama moshi unakuita kwa jina.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa yule mama mkwe, mrefu, mikono ya sweta ameshaikunja. Kukhu aliruka na manyoya mkononi.

"Mkwe haingiangi jikoni! Mrudishe!"

"Mama, kwao wanaingia tu," Senje alisema, akimfuata mgeni.

Mgeni aligusa donge langu kwa kidole. Kidole kikarudi na uzi mrefu. Akasema kitu kwa lugha yao, na Senje akanitafsiria:

"Anauliza, zile za mara mbili ulizipika hivi hivi?"

Nilikuwa na uongo mwingine tayari ulimini, kwamba unga wa safari hii ni mbaya. Nikatazama ule uzi.

"Sijawahi kupika, Senje. Hata moja. Nilikudanganya."

Senje aliniangalia kama mtu anayesoma ujumbe upya.

"Kwenye ndege nilikuwa namwambia habari zako," alisema polepole. Kisha akamgeukia mgeni, akamwambia.

Yule mama hakukasirika. Aliuliza tu kama niliponda na kutia unga vikiwa moto. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaeleza kwamba viazi lazima vilale hadi kesho yake, vipoe kabisa, la sivyo vitakunywa unga wote wa nyumba na bado vitakuwa na kiu.

Kwa hiyo lefse hazikuliwa. Tulikula obusuma na kuku, Kukhu akimfundisha mgeni kumega tonge. Walicheka. Senje hakucheka nami. Kawaida ananiita senje, kama nami ninavyomwita. Kwetu shangazi na mtoto wa kaka yake huitana jina moja. Mchana huo niliitwa "wewe". "Wewe, leta maji." Niliona afadhali angenipigia kelele.

Jioni nilichemsha viazi vingine, nikaviponda, nikavifunika vilale.

Asubuhi, kabla ya watu kuoga waende kanisani, nilitia unga kidogo, nikakanda kwa vidole tu, nikasukuma. Nikaweka juu ya kikaango kikavu, bila tone la mafuta. Ya kwanza ilipasuka vipande viwili. Ya pili ikatoka nzima, ila nilichelewa kuigeuza.

Senje alikuwa barazani na chai, peke yake. Nikampelekea sahani.

"Ya kwanza imepasuka," nikamwambia. "Hii ni ya pili. Imeungua."

Nikaigeuza aone palipoungua, nikasimama hapo nikingoja kama ataniita senje.