Maji ya Moto ya Shivachi

Shivachi alikuwa msafishaji katika kliniki ndogo ya Mashimoni, na tangu sista Rahab, muuguzi wa hapo, amkabidhi usimamizi wa stima, alijiona askari. Tokeni za kulipia stima kabla ya kuitumia zilikuwa zikiisha haraka mno. Basi akawa anazima taa mchana, anakagua kila soketi, anawafokea wanaochaji simu. Audrey, aliyekuwa akimleta mwanawe Billy mwenye pumu, siku moja alifokewa mbele ya benchi lote la wagonjwa.

"Wewe mama, stima ya wagonjwa ndiyo unachajia simu? Huna haya?"

Audrey akaichomoa simu, akainama.

Wasichojua watu ni kwamba kila asubuhi Shivachi alijifungia stoo na ndoo na koili ya stima, akajichemshia maji ya kuoga. Kwake mtaani Soweto West bafu la pamoja la ploti lilikuwa na foleni, na makaa hayakushikika kwa bei. Alijiambia hiyo ni stima kidogo tu.

Asubuhi moja ya baridi Billy aliletwa akihema kwa shida. Rahab akamvalisha barakoa ya mashine ya dawa ya mvuke. Mashine ikanguruma kidogo, ikazimika. Tokeni zilikuwa zimeisha.

"Shivachi! Nunua tokeni haraka!"

Alibonyeza simu mara ya kwanza na ya pili, tokeni hazikuja. Audrey hakungoja. Alimbeba mtoto, Rahab akabeba mashine, wakakimbilia saluni ya Joan ng'ambo ya njia. Hapo, kati ya wanawake waliokuwa wakisukwa, mashine ikachomekwa na Billy akapata pumzi.

Waliporudi, Rahab aliingia stoo kutafuta kilichokula stima. Akatoka na ndoo, maji bado yanafuka.

"Hii ni ya nani?"

Benchi lote likageuka. Shivachi akasogea mbele.

"Ni yangu, sista."

Rahab hakumfuta kazi. Aliichukua koili, na tangu siku hiyo stima akaisimamia mwenyewe. Hata hakupaza sauti. Shivachi angeona afadhali afokewe.

Jioni alikwenda kwa Audrey, akamkuta mlangoni akifua.

"Mama Billy, naomba unisamehe. Nilikuaibisha mbele ya watu, kumbe mwizi ni mimi."

"Nimesikia, mzee."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Amelala."

Akaendelea kufua. Shivachi alisimama pale akingoja atukanwe. Audrey alimwaga maji ya povu mtaroni, akachota mengine, akainamia beseni. Shivachi akaona hana la kungoja tena, akaondoka.