Pini za Shangazi

Shangazi yangu ni mshonaji. Hushona kanzu za watumishi wa altare na sare za kwaya katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, na kwenye meza hiyo hiyo ndipo linapotengenezwa jarida la vijana la parokia. Kalamu nyekundu hana. Ukimletea hadithi au shairi, anasoma pini zikiwa mdomoni, na kila anapochoka anachomeka moja pembeni ya mstari. Basi. Haelezi. Unarudi nyumbani na karatasi yenye miiba kama nungunungu, ukajiulize mwenyewe kilichomchosha ni nini. Vijana hutaniana: wewe umepata ngapi? Aliyepata chini ya kumi hutembea kifua mbele wiki nzima.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo kazi yangu ni kukunja kurasa na kuzibana. Mikono ina shughuli, macho yanabaki huru.

Jalada la toleo la nane Shangazi alimwahidi binti wa fundi baiskeli. Binti huyo huziba pancha pamoja na baba yake, na huchora kwa penseli nyuma ya maboksi ya mipira. Alimchora Mtakatifu Yosefu karakanani, nyundo mkononi, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Tulipouona mchoro ule tulisogea karibu. Shangazi hakuchomeka pini hata moja. Binti akasema hajawahi kumwonyesha mtu kazi yake, na huu ukikataliwa hachori tena, atabaki na pancha zake. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutajia saa.

Mwenyekiti wa kamati ya jarida, mwalimu mkuu mstaafu, akaukataa. Mtakatifu hachorwi kama majeruhi, alisema, watu watacheka. Shangazi akamjibu kwamba seremala asiye na kovu huyo ni muuza mbao tu. Mwenyekiti akamwomba aweke mzaha kando. Wakavutana mpaka chai ikapoa, na mchapaji alitaka kazi kabla ya saa sita mchana. Paroko, ambaye hapendi kuamua jambo akiwa na njaa, akasema aitwe mzee seremala aliyekuwa nje akirekebisha mabenchi ya kanisa. Binti alikuwa amekaa karibu na mlango, mfuko wake mapajani, mguu mmoja tayari umeshatangulia.

Seremala akaingia na vumbi la mbao kwenye nyusi. Akautazama mchoro kwa muda mrefu. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akaegemea meza. Mwenyekiti akamgeukia Shangazi kwa macho ya si nilisema.

"Nyundo kaishika kwa mkono wa kulia," seremala akasema, "na kidole kilichofungwa ni cha kulia huko huko. Sasa mwanangu, alijipigaje?"

Tukainamia mchoro wote. Kweli bwana. Asubuhi nzima tumebishana juu ya heshima, na hakuna aliyeona. Hata Shangazi.

Binti akasimama. Nikajua imekwisha.

Lakini seremala alikuwa ameshaweka kiganja chake cha kushoto mezani, kando ya mchoro. Ukucha wa gumba ulikuwa mweusi tii. "Kihamishie huku hicho kitambaa," akamwambia. "Ila usimfungue. Miaka yote namwona kwenye sanamu ana mikono laini kama karani. Huyu ndiye wa kwanza ambaye ningempa kazi."

Mwenyekiti akakitazama kidole kile. Akakohoa. Kisha akachomoa penseli yake mfukoni, akamsogezea binti, akasema afanye haraka, mchapaji hana subira.

Binti akakaa, akachora pale pale, mkono wa seremala ukiwa mbele yake, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Shangazi akatoa pini moja, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni lake mwenyewe. "Hii ni yangu," akasema. "Leo niliyesinzia ni mimi."

Jumapili jarida likatoka. Watu walicheka kidogo, hapo Mwenyekiti hakukosea. Lakini nakala ziliisha kabla ya Misa ya pili, na seremala alichukua tatu.

Jumatatu binti akaja na michoro minne. Akaipanga mezani, halafu akakivuta kikopo cha pini, akakiweka karibu na mkono wa Shangazi.